Kadi za Kiooni

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali. Siku hiyo, saa nne asubuhi, lilikuwa limemkalisha katikati mtu ambaye saa tano polisi wangekuja kumchukua. Ni Tochi, mlinzi wa mtaa. Alfajiri gari la nne mwezi huo lilikutwa kioo chini, redio haipo, na mwenyewe yuko safari. Tochi kanyang'anywa tochi na filimbi yake, vikawekwa kando ya birika langu la kahawa kama vile mimi ndiye stoo ya mahakama. Kushoto kwake alikaa Breki, aliyeendesha malori mpaka goti likamgomea. Kulia alikaa Kinyozi, na mteja wake alikuwa dukani ng'ambo ya barabara na nusu kichwa kimenyolewa, anachungulia dirishani. Mjumbe wa mtaa alisimama mbele yao, simu mkononi.

— Dakika hamsini, Mjumbe akasema. — Sema sasa hivi, Tochi, wakija nikuombee.

— Niseme nini, Mheshimiwa? Sikuiba.

— Nani mwingine alijua gari lipi halina mtu?

Hapo ndipo kesi yote iliposimama. Mwezi uliopita tulikaa kikao. Mjumbe akatoa wazo: mwenye gari akisafiri aweke kadi kiooni, imeandikwa anarudi lini, ili mlinzi ajue gari la kulikazia macho. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kadi niliandika mimi, maana sisi wa darasa la saba la zamani tulifundishwa mwandiko, si haya makucha ya kuku ya siku hizi. Herufi kubwa, kalamu nene, wino mweusi: SIPO. NARUDI JUMATATU.

Na mimi nilijua jambo ambalo benchi zima halikujua. Tochi hajui kusoma. Kila jioni kabla ya zamu alikuja kunywa kikombe kimoja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, leo lipi halina mwenyewe?" Nami nikamwonyesha kwa kidole. Aliniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu siku ya kuajiriwa aliulizwa kama anajua kusoma, akasema anajua. Nikisema, huenda akapona kesi ya wizi, lakini anapoteza kazi. Nisiposema, anapoteza vyote viwili. Alinitazama. Nikalitazama birika.

— Mimi nawaambia, Breki akaanza, — vioo hivi havikupigwa jiwe. Ni kipande cha plagi ya injini. Unakirusha tu, kioo kinamwagika kimya kimya kama mchele. Hiyo ni akili ya mtu wa magari.

— Mtu wa magari hapa ni wewe, nikamwambia.

— Bibi, usinichafue! Miaka thelathini barabarani, sijachukua hata boliti ya mtu.

— Plagi si hoja, Kinyozi akadakia. — Hoja ni filimbi. Nimehesabu. Akipuliza mara moja, ndefu, ujue gari tupu. Akipuliza mara mbili, mwenyewe amelala jirani. Wenzake wako huko kona wanasikiliza.

— Napuliza ili mjue niko macho, Tochi akasema.

— Ndiyo hapo! Mtu aliye macho ana haja gani ya kujitangaza?

— Na kule kukohoa, Mjumbe akaongeza. — Mimi kitandani namsikia. Anakohoa mbele ya nyumba ya mwalimu, kesho yake gari la mwalimu limevunjwa.

— Nina kifua, Mheshimiwa.

— Kifua kinachojua kuchagua nyumba!

Breki akapiga goti lake bovu, akaumia, akaendelea vilevile.

— Mimi nasema wako wawili. Ana pacha. Huyu anapita na tochi huku juu, tunamwona, tunalala. Mwenzake yuko kule chini anafungua milango.

— Pacha! Kinyozi akasimama. — Ndiyo maana siku ile nilimnyoa asubuhi, jioni nikamwona ana nywele!

— Ulimnyoa vibaya, nikasema. — Kaa chini.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alikaa, lakini safari hii alimsogelea Tochi zaidi, bega kwa bega, na Breki naye akabana upande wa pili. Watu wawili watatu wakatoka milangoni wakasimama. Mmoja alishika mpini wa jembe, na hapa kwetu hakuna hata kitalu cha mchicha. Mikono ya Tochi ilitulia mapajani, viganja juu. Nimeuza kahawa pembeni mwa barabara miaka mingi, najua benchi linavyonuka kabla halijageuka.

Nilikuwa nafungua mdomo, ahadi au si ahadi, gari dogo jeupe likasimama. Akashuka mwanamke aliyevaa sare za unesi. Kahamia nyumba ya ghorofa juzi tu.

— Shikamooni. Nimeambiwa nimwone Mjumbe. Naingia kazini siku tatu mfululizo, gari nataka kuliacha.

— Marahaba, mwanangu, umefika penyewe. Mjumbe akachangamka, akatoa kadi mfukoni. — Mtaa wetu una utaratibu. Hii unaiweka kiooni. Bibi hapa atakuandikia siku ya kurudi.

Nesi akaipokea, akaigeuza.

— Maandishi yatazame ndani au nje?

— Nje! Mlinzi asome akiwa anapita.

Nesi akautazama mtaa. Magari sita yalikuwa yamepangana upande wa kivuli. Matatu yana kadi.

— Na mwizi akipita, akasema taratibu, — yeye hajui kusoma?

Mjumbe aligeuka, akazitazama kadi zile tatu viooni. Breki alikikazia macho kikombe chake. Kinyozi alimtazama mteja wake wa nusu kichwa, kana kwamba yule ndiye ana jibu. Yule wa mpini aliushusha, akauegemea kama mkongojo.

Tochi ndiye aliyesema.

— Mtaa mzima huu, dada yangu, asiyejua kusoma ni mimi.

— Nini? Mjumbe akaruka. — Wewe ulituambia unajua!

— Niliwadanganya. Nilikuwa nataka kazi.

— Basi ulijuaje magari ya kulinda?

— Nilikuwa namwonyesha mimi, nikasema. — Kwa kidole. Kila jioni. Na wewe Kinyozi uliniona, maana uliwahi kuniuliza nanyooshea nini.

— Ulisema unafukuza nzi!

— Uliamini.

Kinyozi akasogea pembeni kidogo, Tochi akapata nafasi ya kupumua. Mjumbe alianza kubonyeza simu, nadhani awaambie polisi wasije, lakini gari lao lilikuwa limeshakata kona. Likaja polepole, likipita gari moja baada ya jingine, na askari aliyekaa mbele alikuwa ametoa kiwiko dirishani. Hakushuka. Kutoka palepale alipokaa, huku gari likitembea, alisoma kwa sauti mtaa mzima ukasikia:

— Sipo, narudi Jumatatu. Sipo, narudi mwisho wa mwezi. Sipo, nimempeleka mama hospitali, narudi Alhamisi.

Gari likasimama mbele ya benchi. Askari akamwangalia Tochi, akamwangalia Mjumbe, akaangalia tochi na filimbi kando ya birika.

— Mwandiko mzuri huu, akasema. — Wa nani?

Wote wakatazama chini, hata nesi, ambaye hakuwa na kosa. Nilimmiminia Tochi kahawa iliyobaki, nikampa kikombe mkononi, nikajifuta vidole kwenye kanga.

— Wangu, nikasema.