Gitaa Langu la Mbao za Kitanda

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni. Nimeombwa niseme yaliyonipata, nami nitasema bila kujipamba.

Mnanijua, mimi ni fundi vitanda hapahapa Kariakoo. Jioni nilikuwa mpiga gitaa wa bendi yetu hii, mpaka paa la chumba changu kule Buguruni lilipovuja na gitaa langu likalowa, likabanduka lote. Bendi haikuningoja. Akaletwa mwenzangu mwenye gitaa la umeme, nami nikabaki nje ya dirisha nasikiliza nyimbo zangu mwenyewe. Ndugu zangu, iliniuma.

Gitaa la dukani sikuliweza bei. Nikajiambia, mbona mbao ninazo? Nikachonga mwili na shingo kwa mabaki ya mninga. Mzee mmoja wa Kihindi, fundi redio wa Mchafukoge, akazungusha waya mwembamba kwenye sumaku ya simu kuukuu, ndiyo ikawa ya kunasa sauti. Vile vyuma vya kubonyezea vya shingoni nilivipanga mwenyewe, kwa futikamba. Vyote sawasawa, kama chaga za kitanda! Msicheke, ngojeni.

Siku ya kujaribiwa nikaja hapa nimenyooka kwa pasi. Nyuzi zikiachwa wazi, safi. Nikibonyeza, balaa. Kiongozi wa bendi akaniuliza, "Bwana, unalipiga au unalitesa?" Mlicheka nyinyi! Nikatoka mbio kwenda kumfokea yule mzee kwamba sumaku yake mbovu.

Hakukasirika. Akagusa uzi mmoja. "Sikia. Hii sawa kabisa. Mimi nafanya waya. Shingo nani amefanya?"

Kosa lilikuwa langu. Gitaa pekee nililoweza kulipima lilikuwa la yule aliyechukua nafasi yangu. Siku tatu nilipita mlangoni kwake. Ya nne nikabisha.

"Ndugu yangu, nimekosea vipimo. Naomba nilipime gitaa lako."

Akalilaza kitandani, akanishikia ncha ya futikamba. "Tazama, vyuma vinabanana kadiri unavyokaribia mwilini," akasema. "Hata mimi sikuwahi kuviangalia."

Kumbe! Nilicheka, jamani, huku machozi yananitoka. Nikaving'oa vyote, nikaanza upya, na safari hii kila nilipobonyeza, sauti safi.

Namshukuru mzee wangu wa redio kwa kutonifungia duka. Na wewe wa mstari wa nyuma, sikutaji: ulinishikia futikamba ukijua nafasi ya gitaa ilikuwa moja tu. Aliyekwama asijifungie ndani. Aende kwa yuleyule anayemwonea wivu, abishe.

Kiongozi kasema nafasi sasa ni mbili. Basi njoo huku mbele, ndugu yangu, tuwapigie.