Mama Rudia na Mzizi Uliovuka Ukuta

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya dawa za mimea, Mama Rudia anastaafu. Jina lake rasmi analijua mhasibu. Sisi tunalijua hili tulilompa kutokana na neno alipendalo kuliko yote. Jaribio likifaulu, rudia. Likifeli, rudia. Mumewe anaapa kwamba hata posa yake ilirudishwa mara mbili, ikakubaliwa ya tatu.

Alianzia chumba cha kukaushia majani, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha uvimbe wa ubongo. Alitafuta ndani ya magome na mizizi kitu cha kuua seli zilizokwisha kuwa sugu kwa dawa za hospitali. Kuziua kwenye kisahani si kazi, alituambia, hata sabuni inaweza. Kazi ni kuuvuka ukuta wa mishipa ya damu unaoulinda ubongo usiingiwe na sumu, na kuziacha seli zenye afya salama.

Kuna mwaka seli sugu zote zilikufa kwa jani moja la porini. Tulicheza koridoni, mkurugenzi akampigia simu mama yake, mlinzi akapiga vigelegele bila kujua sababu. Mama Rudia alibaki ndani, akarudia jaribio kwa ile spiriti tuliyolowekea jani, safari hii bila jani. Seli zikafa vilevile; kumbe muuaji alikuwa spiriti, si jani. Mkurugenzi alikaa wiki nzima bila kuthubutu kumpigia mama yake tena.

Basi mtaelewa roho zetu zilivyokuwa juu mwaka huu. Mzizi mmoja aliokuwa akiuchunguza ulikuwa umevuka ule ukuta wa ubongo katika panya, na uvimbe ukanywea. Akaupeleka maabara nyingine, katika chupa zisizo na maandishi ili wasijue ipi ina dawa, akawaomba wauangushe wakiweza, yaani waonyeshe kwamba haufanyi kazi. Ukianguka, angestaafu mikono mitupu, na muda wa kuanza upya hana. Tulikuwa tumemsihi usipelekwe hadi atakapokuwa ameshastaafu. Alitutazama kama watoto waliokimbia mtihani.

Majibu yalifika Jumanne. Haukuanguka! Mwanamke ambaye hatujawahi kumwona akikimbia hata mvua alivua viatu, akakimbia koridoni kwenda na kurudi, akitubana mashavu mmoja mmoja. Kisha, akihema, akatukumbusha kwamba panya si mtu; majaribio kwa wagonjwa yatachukua miaka, na yatafanywa na mikono mingine. Alilisema hilo akicheka. Waliofuta machozi ni sisi.

Mama, asante kwa kutufundisha kuchelewa kushangilia. Ndiyo maana Jumanne ilikuwa tamu vile. Nenda ukalale hadi jua likuchome. Afya isikupungukie, na siku zako ziwe ndefu zenye vicheko. Mzizi tunao sisi sasa, na hatutauonea huruma: tutarudia.