Safari Hii Bi Mwanaasha Anaondoka Kweli

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Mwanaasha Vuai anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya sare za shule hapa Rosettenville, Johannesburg, kwa miaka ishirini na miwili na miezi minane. Anakwenda Leicester, Uingereza, kwa mumewe. Waliokuwapo mwaka 2017 watakumbuka kwamba tulishamuaga kwa sababu hiyohiyo, kwa keki na khanga, na baada ya wiki tatu akarudi kazini. Safari hii aliniomba nisiandike hata mstari mmoja mpaka viza igongwe kwenye pasipoti. Imegongwa. Nimeiona kwa macho yangu.

Bi Mwanaasha ni mzaliwa wa Tanga. Alifika Johannesburg mwaka 2001, akauza nguo Yeoville, na Machi 2003 Bwana Fahad, mwenye karakana, akamwajiri kutia vifungo. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye cherehani, na haikuchukua muda akawa msimamizi wa meza ya sketi. Marinda yake yanajulikana mitaa yote hii ya kusini. Asubuhi moja, kwenye robot, yaani taa za barabarani, alimwona mtoto wa shule ambaye pindo lake lilikuwa limeachia. Akamsimamisha, akatoa sindano kwenye mkoba na kulishona palepale. Taa iligeuka kijani mara tatu wakiwa bado hapo, na mtoto alichelewa shule akiwa nadhifu kuliko waliowahi. Januari moja, umeme ulipokuwa wa mgawo, yeye ndiye aliyetoa stoo cherehani mbili za kukanyaga kwa mguu na kutufundisha kuzitumia. Januari ile hakuna shule iliyokosa sare zake.

Mumewe, Bwana Burhani, naye ni mtu wa Tanga, ila amekuwa raia wa Uingereza kwa miaka mingi. Walikutana Turffontein mwaka 2011, alipokuja kumzika kaka yake, wakaoana Agosti 2012. Mwezi mmoja kabla ya ndoa yao, Uingereza ilikuwa imeanza kutumia kanuni mpya: raia anayetaka kumchukua mke au mume kutoka nje lazima awe na kipato kisichopungua kiwango kilichowekwa. Bwana Burhani alikuwa mwoka mikate. Kipato chake kilipungukiwa kidogo tu. Mshahara wa Bi Mwanaasha haukuhesabiwa, kwa kuwa aliupata huku. Ombi lao la kwanza, mwaka 2014, lilikataliwa.

Bwana Burhani akatafuta kazi ya pili. Bi Mwanaasha akafanya mtihani wa Kiingereza huko Pretoria. Alipoulizwa anafanya nini Jumamosi, alieleza kuanzia alfajiri, na alikuwa bado hajafika adhuhuri walipomwambia inatosha, amefaulu. Akapigwa picha ya kifua kuthibitisha kwamba hana kifua kikuu. Picha hiyo ameshapigwa mara tatu sasa, maana cheti chake hakidumu zaidi ya miezi sita. Mwaka 2017 kila kitu kilikuwa tayari, na ndipo tulipomfanyia sherehe.

Jibu la ombi la pili likaja: limekataliwa. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimeuzwa mwezi wa tano, hivyo hati za mshahara zilikuwa na majina ya waajiri wawili, na miezi sita iliyotakiwa kwa mwajiri mmoja ikawa haikutimia.

Mimi ninayeandika haya ndiye niliyeajiriwa kushika nafasi yake. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi karibuni, na siku aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake. Niliinuka nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akanishika bega.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Wewe hujanikosea. Mimi watanitafutia cherehani ya pembeni."

Alishona pembeni miezi kumi na moja, chini yangu mimi, niliyefundishwa kazi hiyo na yeye mwenyewe. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Wakati wa chakula alikuwa akivua miwani na kufumba macho dakika kumi, na sote tulijifunza kutomsemesha dakika hizo.

Mwaka 2018 Bwana Burhani alijaribu kuhamia huku. Alikaa miezi saba, kazi haikupatikana, akarudi kuoka. Walibaki kuonana Desemba, kila baada ya mwaka mmoja au miwili, wiki tatu kwa wakati mmoja. Mwaka 2024, kipato chake kilipovuka kile kiwango cha zamani, Uingereza ikakipandisha kwa zaidi ya nusu. Bi Mwanaasha alitueleza habari hiyo huku akipiga pasi kola, na aliendelea kupiga pasi. Hawakupeleka ombi.

Januari mwaka huu Bwana Burhani alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea. Jirani alimshikia simu sikioni, na Bi Mwanaasha alizungumza naye kutoka stoo yetu, katikati ya marobota ya vitambaa, kwa muda mrefu, bila kujua kama anasikika. Alisikika.

Miezi michache baadaye serikali ya kule ilianza kumpa Bwana Burhani posho ya ulemavu. Na kanuni zinasema kwamba anayepokea posho hiyo hadaiwi tena kile kiwango cha kipato. Inatosha aonyeshe kwamba wataweza kujikimu. Ombi likapelekwa Julai. Oktoba likakubaliwa. Mikono miwili ya mwoka mikate, ikifanya kazi usiku na mchana, haikuweza kumfikisha mke wake. Ugonjwa umeweza.

Hatukujua kama tumpongeze au tumpe pole, na Bwana Fahad alipomuuliza moja kwa moja, alikunja kitambaa alichokuwa nacho kabla ya kujibu.

"Nilitaka kwenda kuishi naye," akasema. "Sasa nakwenda kumuuguza. Lakini nakwenda."

Bi Mwanaasha, asante kwa wanagenzi kumi na wanne uliowafundisha, kwa uvumilivu wako, na kwa kutuambia ukweli kuhusu mishono yetu mibaya bila kututia aibu. Wewe Watanzania wanakuita Bi, sisi Wakongo tunakuita Mama, na sote tumekuzoea kuliko inavyofaa kumzoea mtu anayeondoka. Tunamwombea Bwana Burhani mkono wake upate nguvu. Nawe tunakuombea mapumziko. Na kama mapumziko yatachelewa, basi angalau sasa utachokea nyumbani kwako, mumeo akiwa chumba cha pili.

Angélique, meza ya sketi