Bega la Kushoto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama cha mafundi, Bosi wetu mwenye duka, wageni waalikwa, mafundi wenzangu, na wewe mkwe wangu uliyeanza kutafuna kabla ya dua: nawasalimu wote.

Nimeambiwa nimuage Fundi Mkuu anayestaafu, ambaye ni binti yangu wa kumzaa. Shule sikupita hata mlangoni, kwa hiyo karatasi sina. Nina kifua tu.

Miaka thelathini na minane amekata suti dukani humu. Nani kati yenu hajavaa kazi ya mkono wake? Lakini mlimwitaje? Chai ya Maziwa. Mkaniuliza huyu rangi mbili ni wa nani, nikawajibu baba yake kafia safarini. Niliwadanganya. Baba yake alifia ghorofani, juu ya duka hili: ni yule Mzungu mzee, baba wa Bosi. Msinikodolee macho. Nilikuwa na miaka ishirini na miguu mizuri, naye alikuwa hajaoa. Tulipendana. Mama wa Mzungu akakataa mjukuu wa rangi yangu, na mwanawe hakuwa na ubavu wa kumpinga.

Sasa, mweka pedi za mabega hapa ni mimi. Binti yangu na Bosi, wote bega la kushoto limeshuka vidole viwili, nami nimelijazia kimya kimya miaka yote. Wiki iliyopita Bosi akavaa kwa makosa koti alilojishonea Fundi kwa ajili ya leo. Kifuani lilimbana akawa kama gunia lililoshindiliwa, lakini akaniambia, "Mama, hili si langu, mbona bega limekaa?"

Uongo unachosha, jamani. Nikamjibu, "Limekaa kwa sababu bega hilo mmerithi kwa baba mmoja."

Nyuma yetu Fundi alikuwa anapiga pasi. Pasi ikabaki palepale. Mheshimiwa Mwenyekiti, ndiyo maana leo umevaa suruali ya zamani; tuwie radhi.

Bosi akavua koti, akapanda ghorofani. Binti yangu akaninunia siku tano. Ya sita akaja. "Ulinificha mbele za watu," akasema. "Nitoe mbele za watu."

Ndiyo hivyo nimekutoa, mwanangu. Niliogopa watatufukuza, niliogopa watakukana. Hofu ilikuwa yangu, nikakuvika wewe, wala haikuwa saizi yako. Nisamehe.

Leo asubuhi nimekuta viti viwili vimeongezwa safu ya mbele, ya familia ya mwenye duka. Bosi mwenyewe alikuwa anavipangusa kwa leso yake. Nikamuuliza vya nani. Akasema, "Cha dada, na chako, Mama."

Fundi, nakuona umesimama kule nyuma kwenye meza ya pasi. Sikuburuti. Lakini magoti yangu unayajua, na siketi mpaka uketi.

Wengine nyote, asanteni kwa kunitegea masikio. Mpisheni apite.