Fundi Aliyeshonewa Ndani ya Vazi Lake

Ndugu waombolezaji, marehemu mliyemzoea kwa jina la Kituko alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, katika nyumba ya nyuma ya gereji, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga, akaja duniani kimya kabisa, mama akaangua kilio, ndipo naye akapiga kelele, na tangu siku hiyo hakuacha kututania kwa kifo.

Sekondari aliianza Januari 1999 akaimaliza 2002, pungufu ya wiki mbili alizofukuzwa kwa kulala chini ya meza ya maabara, ulimi nje, mpaka mwalimu wa kemia akazimia. Ushonaji alisomea chuo cha ufundi, akafungua kibanda mkabala na stendi mwaka 2005, na tarehe 14 Juni 2011 akamwoa fundi wa cherehani ya pili kibandani humo, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka huu muongozaji wa filamu, yule pale mstari wa pili mwenye miwani ya jua, alimwagiza vazi la kiumbe wa sayari nyingine, aliyepotea njia akatua msituni, akawa anawala wakata magogo huku akiwaomba radhi. Kituko aliicheka hadithi hiyo mpaka akakaa chini, akalishona vazi kwa turubai na sponji ya godoro, akalivaa mwenyewe, na zipu ilipokufa siku ya tatu ya kupiga picha, mkewe akawa anamshonea humo asubuhi na kumfumua jioni.

Tarehe 4 mwezi huu, saa tano asubuhi, kwenye kambi ya filamu msituni, nyoka aliingia kwenye mguu wa vazi akamuuma. Marehemu alipiga mayowe, akaruka, akagaagaa, kamera ikiendelea, na kambi nzima ikashika mbavu, kwani nani asiyemjua Kituko? Mpishi wa kambi peke yake aliingiwa na shaka, akampigia simu dada wa marehemu, huyu anayewasomea, kuuliza kama kaka yake ana kifafa, naye akajibu, "Mwambie aache maigizo yake," neno ambalo hadi leo halimezeki wala halitemeki. Mkewe hakudanganyika, aliomba mkasi, muongozaji akaukalia, akasema, "Shemeji, vazi lisikatwe, bado tuna sini mbili za kupiga," basi mama wa watu akaufumua mshono kwa meno, dakika ishirini nzima.

Mpishi alimtoa huko msituni kwa pikipiki, akamfikisha hospitali saa tisa alasiri, na Kituko akafariki tarehe 6, saa nne asubuhi, na tafadhali asisimame mtu hapa kutuambia kazi ya Mungu haina makosa, kosa hili lina mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopokea mgonjwa aliyechelewa wasikate tamaa, majirani walioteka maji na kulea watoto, wateja wa kibandani, na mpishi.

Nawe muongozaji, jana ulituambia sekunde arobaini za mayowe yale zitabaki kwenye filamu, eti ndipo watu watakapocheka zaidi, na kwamba umeshapata mtu wa kulivaa vazi umalizie sini zako. Vazi liko kwa mjane, mkasi uko kwenye mkoba wake, na machozi yako hatukuyaomba: kata sekunde hizo leo, mbele ya familia, la sivyo atakata yeye, vipande vipande, na hatatumia meno.

Pumzika kwa amani, Kituko. Safari hii tumekuamini.