Dagane Achukue Bastola Gani?

Benchi la Boru lilikuwa ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya madebe nyuma ya soko la mbuzi pale Garissa. Mwaka ule wa 1965 vita vya porini dhidi ya serikali vilikuwa vimepamba moto, na watu walifungiwa majumbani kila jua likizama, basi porojo zote za mji zilibanwa mchana, na mchana wenyewe ukabanwa hapo benchini. Boru, Mborana wa kutoka Wajir, aliuza kahawa ya tangawizi na kugawa methali bure. Kahawa yake ilikuwa nzuri. Wateja wake walikuwa Wasomali, kwa hiyo walikutana katikati, kwenye Kiswahili, na kila mtu alikivunja alivyojaliwa.

Asubuhi hiyo Dagane alifika na shida. Alikuwa chifu mpya, na uchifu wenyewe hakuuomba. Yule aliyemtangulia aliitwa kwa jina langoni kwake, jua la saa sita, akatoka na kikombe cha chai mkononi, akapigwa risasi palepale. Sasa wakubwa wa bomani walikuwa wamemwekea Dagane bastola mbili mezani, wakamwambia achague moja ya kujilinda, na jibu walilitaka kabla ya alasiri. Dagane maisha yake yote alikuwa mtu wa fimbo. Alizitazama zile bastola akaona ni kama zinamtazama yeye, akaomba ruhusa akanywe kahawa kwanza.

Alikuwa na hofu, tena hofu ya kweli. Lakini hofu haikusemwa. Alichosema ni kwamba moja ni rivolva, ina gurudumu la risasi sita, na nyingine ni ya magazini, risasi zinapangwa ndani ya mpini na zinajipandisha zenyewe.

Lo, angejua asingesema. Bare, aliyeitwa Bama kwa sababu alipigana Burma na hakumruhusu mtu yeyote asahau, aliweka kikombe chini.

— Chukua ya gurudumu. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, ingine inakuja. Hakuna maneno.

Akafafanua. Risasi za bomani zimelala ghalani kwa joto hili miaka na miaka, nusu yake zimeshakufa. Kwenye gurudumu kila risasi ina chumba chake, inangoja zamu yake kwa adabu. Kwenye magazini zinasukumana kama mbuzi mlangoni mwa zizi, mmoja akinasa pembe, kundi lote limekwama. Hapo Bama alisema la maana, na lau angeishia hapo angekuwa mtu wa kuheshimiwa. Lakini wapi! Akaendelea kwamba kule Burma rivolva yake ilimezwa na mamba, wakampasua mamba wakaitoa, na ikalia mara sita bila kukohoa.

— Ulimpiga nani? akauliza Nuh, dereva wa lori la Bura.

— Mamba yuleyule.

— Mliyekwisha kumpasua?

Bama akasema vita ni vita.

Nuh, ambaye wote walimwita Gia, alikuwa upande wa magazini. Risasi sita ni chache, alisema, hawa watu hawaji mmoja mmoja. Halafu kifyatulio cha rivolva ni kigumu kama klachi ya lori lake, na mkono wa chifu wetu, Mungu amlinde, tangu jana unamwaga kahawa. Mchanga unaikwamisha ya magazini, kweli, lakini lori likikwama mchangani halitupwi, linachimbuliwa.

— Na huyo adui, akasema Bama, atakungoja ukichimba?

Nuh alipobanwa akapanda juu zaidi. Akaapa kwamba bastola ya magazini ikikuzoea huwa inafanya kazi peke yake. Binamu yake wa Ijara alikuwa nayo, ikaua fisi yeye akiwa amelala.

Boru akaona zamu yake imefika. Akasema rivolva hujazwa risasi moja moja, na haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo, hiyo ndiyo ya Mungu. Halafu, akimjazia Dagane kikombe, akaongeza:

— Tena wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inahusu nini na bastola? akauliza Nuh.

— Kwani anayekuja si mgeni?

Wakacheka wote, hata Dagane. Aliwapenda watu hawa. Walikuwa wakibishana kwa ajili yake, asikae peke yake na yale mawazo.

Hawakumwona Qali alipofika na kibuyu chake cha maziwa. Qali alikuwa dada wa Dagane, tumbo moja. Mwanawe Shurie alikuwa ameingia porini kwa wapiganaji tangu kiangazi kilichopita, na pale benchini jina la kijana huyo halikutajwa kamwe, kwa kumwonea mama yake huruma. Qali alikuwa amesimama akisikiliza, sijui tangu mamba au tangu fisi.

— Walaal, akamwambia kakake, Shurie akija langoni akakuita abti, mjomba wake, utampiga na ipi?

Nuh akashika funguo zake za lori. Boru alitafuta methali, akaishia kumjazia Dagane kikombe.

— Nitamfungulia, akasema Dagane.

— Najua. Hata mwenzako aliyekutangulia alifungua. Qali akakitua kile kibuyu, akaongeza: Nakuogopea wewe na namwogopea yeye. Silali, walaal.

Dagane akainuka bila kumaliza kahawa. Bomani aliwaambia wakubwa kwamba bastola zote mbili ni nzuri, ila kwake hakuna inayofaa. Wakamwambia shauri yako, akatoka mikono mitupu, akapita msikitini kuswali alasiri, kisha akashika njia ya nyumbani.

Langoni kwake akakuta madebe. Juu ya madebe, ule ubao. Boru alikuwa anapuliza makaa, na Bama na Nuh walikuwa wameshaketi, wanagombana kuhusu fisi.

— Mnafanya nini hapa?

— Kahawa, akasema Bama. Akamsogezea nafasi, akaendelea: Atakayekuja kukuita atakuta sisi kwanza. Atatoa salamu. Tutamuuliza habari ya mama, habari ya ngamia, habari ya mvua, tutamuuliza ukoo mpaka babu wa saba. Atakaa, atakunywa. Mtu akishakunywa kahawa yako mlangoni, atakufanya nini?

— Na asiposalimia? akauliza Nuh, taratibu.

Boru aliendelea kupuliza makaa ambayo yalikuwa yameshawaka. Qali, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi kwenye benchi lile, alikuwa ameketi mwisho wa ubao, uso ameuelekeza njiani.

— Shurie atasalimia, akasema. Nilimfundisha mwenyewe.