Nukta ya Binti wa Fundi Pasi

Saa tatu na nusu asubuhi benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limeshajaa, maana ni la watu watatu na mmoja wao, Karani, hukalia nafasi ya wawili. Fundi Pasi, mtengeneza pasi na redio wa kibanda cha jirani, alibaki ukingoni, nusu amekaa, nusu ananing'inia. Saa nne binti yake angesimama mbele ya walimu wa chuo, mwendo wa robo saa kutoka pale, aeleze utafiti wake wa miaka miwili. Alimwambia, "Baba, uje." Baba alitaka kwenda. Ila aliogopa wasomi wasije wakamuuliza neno akaumbuka, ndipo akapitia kijiweni kwanza, ajaribu kuwaeleza wenzake.

— Chembe za umeme, alianza, zinapita kwenye nukta moja ndogo sana. Inaingia moja, inatoka, ndipo inaingia nyingine.

— Nukta hii ya mwisho wa sentensi? aliuliza Wembe, kinyozi mwenyewe.

— Ndogo kuliko hiyo.

— Miaka miwili anasoma nukta! Mimi niliimaliza darasa la pili.

Karani, aliyestaafu kazi ya kupiga chapa, alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Nimepiga nukta miaka thelathini, fundi. Hakuna hata moja iliyonipiga shoti.

— Sikilizeni basi! Huku sumaku, na huku sumaku. Kila chembe ina namna yake ya kujizungusha. Sumaku zikielekea upande mmoja, chembe zinapita vizuri. Zikipingana, nyingi zinakwama.

— Sasa hilo si bafu la nyumba ya kupanga? alisema Wembe. Mmoja ndani, wengine mlangoni na ndoo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

Methali haikuhusu bafu hata kidogo, lakini ilimchoma Fundi Pasi mahali ambapo Wembe hakulenga.

— Bafu lina mlango mmoja, alipinga Karani. Hili lina miwili, na kila mlango umekaliwa na mama mkwe. Wakinuniana, haogi mtu.

— Alaa! alidakia Wembe. Kumbe ndiyo maana umeme unakatika kila siku! Umekwama kwenye nukta ya binti yako, fundi. Mwambie auachie, nina mteja ndani kanyolewa nusu kichwa.

— Maji ukiyavulia nguo yaoge, alimalizia Karani, kama hakimu.

Mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama nyuma yao. Alifuata pasi yake.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Huyo binti anaeleza lini?

— Leo, saa nne, alijibu Wembe.

— Na kwao nani kaenda kumsikiliza?

Karani alichungulia kikombe. Wembe alikung'uta kitambaa kisicho na unywele hata mmoja. Fundi Pasi alisimama.

— Utaelewa nini wewe huko? Wembe alimwuliza.

— Sitaelewa. Nitakaa.

— Nenda, baba, alisema yule mama. Pasi nitaifuata kesho.

Lakini fundi alikuwa ameshavuka barabara, anakimbia.